Tarehe ya Kufa kwa Mayala

Kitabu kilikuwepo, na hicho ndicho kilichomchoma Milembe. Kilikuwa ndani ya simu yake, jalada linaonekana, na jina la Mayala, baba yake bibi Kwandu, limeandikwa wazi. Ukibonyeza tu unaambiwa huruhusiwi kusoma, huenda kina hakimiliki. Hakimiliki ya nani, jamani? Mayala aliandika hadithi za kwao, misheni ikazichapa mwaka 1938, akafa 1949. Nakala ya nyumbani ililiwa na mchwa. Nyingine ikapelekwa Ulaya, maktaba ikaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, halafu ikawafungia watu wa Bariadi wasiisome. Ujinga gani huu!

Na bibi alikuwa anaondoka. Moyo umechoka, daktari kashasema mrudisheni nyumbani. Hakutaka uji wala padri. Alitaka asomewe maneno ya baba yake, aliyemwacha ana miaka sita, basi.

Milembe aliiandikia maktaba. Wakajibu kwa adabu: kazi huwa huru miaka sabini baada ya mwandishi kufa, ila wao hawajui kama huyu amekufa. Alete barua ya ndugu wa damu inayotaja mwaka wa kifo. Bila hiyo, wanamhesabu yu hai.

Hanif wa duka la steshenari akaichapa barua, na Milembe akaja nayo mbio pamoja na kidau cha wino.

"Dole gumba tu, bibi. Tunasema Mayala alifariki mwaka arobaini na tisa."

Bibi akauficha mkono chini ya shuka. "Nani kafariki? Mayala si yuko Kasoli anapakia pamba?"

Milembe akakiweka kidau chini. Wiki ile ile mzee Mayala alipozikwa, kichanga cha ukoo kilipewa jina lake, likashuka hadi kwa kaka yake Milembe, dereva wa lori. Kwa bibi, aliyerithiwa jina hajafa. Kumwandika kafa ni kumchimbia kaburi anayelibeba jina hilo leo.

"Unataka kumuua kaka yako kwa karatasi?"

"Bibi, ni sheria zao tu."

"Sheria zao zinaendesha lori?"

Siku mbili mkono ulibaki chini ya shuka. Siku ya tatu pumzi ilikuwa inakatika katikati ya neno, na Milembe akajikuta anachungulia kifua cha bibi kila dakika, kuona kama kinapanda. Asubuhi hiyo bibi akautoa mkono mwenyewe.

"Lete wino," akasema. "Nataka kumsikia."

Barua ikaenda. Milembe, aliyesoma hadi chuo, akampigia kaka yake papo hapo. Simu haipatikani. Akapiga tena, mara saba, anajitukana kwa kuamini mambo ya wazee na bado anapiga. Saa kumi jioni kaka akapiga mwenyewe kutoka Dutwa. "Chaji iliisha. Kwani vipi, bibi amezidiwa?" Milembe alikaa chini kwenye vumbi, akacheka huku analia.

Alhamisi kitabu kikafunguka. Milembe akapiga magoti kando ya kitanda, akasoma ukurasa wa kwanza polepole, Kisukuma cha zamani kinamgonga ulimini. Bibi akainua kiganja.

"Ngoja kwanza. Nishushe chini."

"Bibi, utaumia."

"Nishushe! Baba alipozikwa nililia, wakanifunga mdomo. Wakanionyesha kichanga, wakasema baba yako huyu hapa, unamlilia nani? Sasa nimeweka dole kwamba kafa. Niache nilie."

Akashushwa mkekani, akajifunga kanga kichwani, akapiga yowe ambalo Milembe hakujua kifua kile bado kinalo. Akamwita baba yake kwa sauti ya mtoto. Milembe alishika simu asijue aizime au aendelee kusoma.

Nyamizi, jirani, akaingia mbio, mikono bado ina unga.

"Mayu, mama yangu, kuna nini? Nani kafariki?"

"Baba yake bibi," Milembe akasema.

"Lini?"

"Mwaka arobaini na tisa."

Nyamizi akamtazama Milembe, akamtazama bibi pale chini. Akavua kandambili, akakaa mkekani, akamkumbatia.

"Pole sana, mayu," akamwambia. "Pole kwa kufiwa."