Mkeka wa Siku

Shaban bin Mgeni, karani wa Akida, hakuwa na meza. Aliandikia juu ya kasha la sabuni. Hakuwa na kiti chenye mgongo, wala saa ya mfukoni, wala viatu vya kumwezesha kupita mbele ya askari bila kuchekwa. Hakuwa na ukoo wa kutambia, maana babu yake aliletwa Ugogo na msafara, akaugua, akaachwa njiani. Na subira, jamani, hakujaliwa hata ya kuazima.

Lakini alikuwa na mkeka wa siku. Ndivyo watu walivyoiita karatasi kubwa aliyoipiga mistari ya kwenda na ya kushuka, hata ikawa vyumba vyumba kama ukili uliosukwa. Pembeni aliandika majina ya vijiji, juu akaandika tarehe za Wadachi. Kabla ya karatasi hiyo watu walikamatwa ovyo kwenda kutengeneza tuta la reli, leo kijiji hiki, kesho hicho hicho. Tangu ibandikwe barazani, kila jumbe alijua zamu ya watu wake, na bakora zikapungua. Bwana Mkubwa wa boma la Dodoma aliletewa nakala, akaipenda mno. Akasema atakayebadili chumba kimoja bila idhini yake atakula bakora hamsa ishirini.

Siku chache baada ya mvua ya kwanza, asubuhi, Jumbe Matonya aliingia barazani, tope limempanda hadi magotini.

"Mbukwa, karani."

"Mbukwa, mzee. Watu wako wako wapi? Kesho ni zamu yenu tutani."

"Wamekaa majumbani. Moto wa mtemi haujafika."

Shaban alijua maana yake. Mvua ya kwanza ikishanyesha, watu wa Matonya husubiri moto mpya kutoka kwa mtemi wao. Kabla haujafika, chuma hakigusi ardhi iliyolowa, liwe jembe la shambani au sururu ya reli. Atakayeigusa kwa chuma ameifukuza mvua, na mvua ya Ugogo ikishaondoka hairudi kwa kubembelezwa.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Sikukuambia? Wakati wa kiangazi, nimesimama hapa hapa! Nilisema mvua ikinyesha, mtuachie siku chache. Wewe ukaniuliza tarehe ngapi. Tarehe ngapi! Kana kwamba mawingu nayakojoa mimi!"

Shaban alikuwa ameambiwa, kweli. Ila vyumba vitupu katika mkeka wake vilimwudhi kama mapengo mdomoni mwa bibi harusi. Alichelea Bwana Mkubwa asije akasema karani amechoka kazi, basi akavijaza vyote, na kwa wino.

Akida Feruzi akatoka ndani akifunga kilemba. Alikuwa amesikia yote.

"Matonya, kesho askari watakuja kuhesabu watu. Wasipowaona, utakayelazwa chini ni wewe. Na kwa umri huo, sidhani kama utainuka."

"Basi sitainuka," Matonya alisema. "Mimi ni mmoja. Mvua ikikimbia tutazikana nyumba kwa nyumba."

Hakupandisha sauti. Alitazama nje tu, mawingu yalikokuwa yakijikusanya upande wa Hombolo.

Shaban akausogelea mkeka. Kidole chake kikashuka hadi mstari wa chini, wa watu wa mjini hapa hapa, wajukuu wa wapagazi, ambao hawasubiri moto wa mtemi yeyote. Zamu yao ilikuwa juma lijalo. Wajomba zake walikuwa humo, na tayari walikuwa wamemkalia shingoni kwamba karani gani huyu asiyewapendelea ndugu zake.

"Watu wa mjini waende kesho," alisema. "Watu wa mzee waende juma lijalo."

"Kwa idhini ya nani?" Akida aliuliza. "Tarishi hufika boma jioni. Jibu litakukuta kesho kutwa."

"Nitabadili sasa. Idhini nitaiomba baadaye."

Akida akacheka bila furaha. "Mjukuu wa mpagazi, mgongo unakuwasha? Haya, jikune. Lakini jina langu usilitie, na muhuri wangu usiuguse."

"Acha, mwanangu," Matonya alisema. "Jambo hili ni langu."

"Chumba nilikijaza mimi, mzee."

Shaban akachovya kalamu, akakata zamu mbili, akaziandika upya kwa kupishana. Wino ukadondoka juu ya kazi yake safi. Hakuufuta. Akatuma neno mjini, kisha akapiga magoti mbele ya kasha la sabuni, akaandika:

*Kwa Bwana Mkubwa. Jumbe Matonya hakukataa kazi. Mimi nilimpangia siku niliyoambiwa nisimpangie. Leo nimebadili zamu mbili bila ruhusa yako. Watu watafika kesho kwa idadi ile ile, ila si wake. Kosa ni langu peke yangu. Shaban bin Mgeni, karani.*

Akaisoma mara moja tu, asije akaichana. Akaikunja, akayeyusha lakiri juu ya mwali wa mshumaa, na kwa kuwa hakuwa na cha kuibonyezea, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ilimwunguza. Akakiacha kidole pale pale hadi lakiri ikashika.

Nje, tarishi Nikodemo alikuwa amekwisha pasua ncha ya fimbo yake ya barua.

"Nikiulizwa nani kaandika?"

"Jina limo ndani. Nenda, mvua isikukute njiani."

Nikodemo akaipachika barua kwenye ule ufa, akaikaza kwa kamba, akashika njia ya Dodoma.