Mwalimu Emi wa Atlanta

Irungu ndiye aliyempa jina.

"Kuanzia leo wewe si Afrah. Wewe ni Emi. Umezaliwa Atlanta, Marekani. Baba yako ni daktari."

"Baba yangu anauza makaa hapa Lindi, Kibera," Afrah akasema.

"Alikuwa anauza makaa. Sasa ni daktari. Mpongeze."

Tukacheka, kwa sababu Irungu ana mdomo, na pia kwa sababu yeye ndiye aliyeshika mlango. Alikuwa wakala wa kupeleka walimu ng'ambo. Ukumbi wake ulikuwa Kawangware, juu ya duka la magodoro, na kila Jumamosi sisi walimu wa Kibera tulienda huko kwa miguu kujifunza kuwa watu wengine. Shule za chekechea za kule China zilizomtuma Irungu zilitaka mwalimu wa Kiingereza, lakini awe wa Marekani, Uingereza ama Kanada. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu utotoni na kukifundisha maisha yake yote, huyo hata haulizwi anajua nini. Basi Dalmas Oluoch, jitu lenye ndevu kutoka kijiji cha Raila huko huko Kibera, alikuwa Dev wa Toronto. Eugene wa Kawangware alikuwa Maik wa London, na tuseme ukweli, alikuwa anaiweza ile sauti ya puani.

Kuna watakaoniambia jina ni jina tu, halimng'oi mtu jino. Mimi nakumbuka. Babu zao kina Afrah, Wanubi kutoka Sudan, walivalishwa sare wakapigana vita vya mfalme wa Uingereza ambaye hakuwajua, wakaletwa hapa Kibra, ndiyo hii Kibera, wakaambiwa msitu huu ni wenu. Waulize wajukuu kama wamewahi kupumzika na lile swali la "wewe hasa ni wa wapi?" Tulipofika umri wa kitambulisho, mimi nilipiga foleni nikapewa changu. Afrah alikalishwa mbele ya jopo la kuhakiki uraia, akaulizwa nyanya yake alizikwa wapi. Akaenda, akarudi, akaenda tena, mpaka wakachoka wao. Mtu aliyepigania kuandikwa Mkenya namna hiyo, leo anaambiwa aukane Ukenya mbele ya kompyuta.

Na alikubali. Alikuwa akiitaka hiyo kazi. Shule yake ya mabati ilibomolewa barabara ilipopita, na tangu hapo alikuwa akifundisha watoto wa majirani kwa zamu katika chumba cha mama yake, wengine wameketi juu ya kitanda. "Mtoto ni mtoto," alituambia. "Nipe tu darasa lenye mlango, nitafundisha."

Jumamosi ya usaili ikafika. Irungu akaweka kompyuta juu ya meza, na kwenye kioo akatokea mkurugenzi wa shule, mwanamume mwenye miwani, akitaka kuona somo moja. Sisi tuliobaki tulipangwa kwenye viti tuwe wanafunzi. Irungu akajikunyata kwenye kiti nyuma ya kompyuta, mahali ambapo kamera haimwoni.

Afrah akaanza. Sauti ya Atlanta ilitoka safi kabisa. Akainua picha ya nanasi, akauliza hili ni tunda gani.

"Ticha! Mimi ticha!" Dalmas akaruka akidatisha vidole, mtu wa miaka thelathini na minane. Akachaguliwa. Akajibu sawa.

"Vizuri sana!" Afrah akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya Kibera. "Haya, mpigieni makofi ya kilo!"

Hakuna aliyefikiri. Hayo makofi tumeyapiga tangu chekechea, na tumeyafundisha kwa maelfu. Watu wazima wote tukasugua viganja mpaka vikapata moto, tukapiga makofi matatu kwa pamoja, tukamrushia Dalmas, naye akayapokea kifuani kwa mikono miwili, akapepesuka kana kwamba yamemlemea.

Mkurugenzi akasogeza uso karibu. Akauliza hicho ni kitu gani.

"Sema ni mchezo wa Atlanta!" Irungu akanong'ona, macho yamemtoka. "Emi! Sema wa Atlanta!"

Afrah akamtazama Irungu. Akatutazama sisi. Nilijua anachokiona: darasa lenye mlango, liko pale, neno moja tu.

"Ni makofi ya shule zetu," akamwambia mkurugenzi kwa Kiingereza, bila pua yoyote. "Za Kenya. Mimi sijawahi kufika Atlanta. Nimezaliwa Kibera, nimefundisha Kibera, naitwa Afrah Fadlalla."

Irungu akarukia kompyuta akaziba kamera kwa kiganja, akazima sauti. "Madam, umeniua!"

"Wewe ndiye uliniua kwanza, ukaenda ukanizalisha Atlanta."

"Si mimi! Wazazi wa kule ndio wanataka Mmarekani!"

"Basi wamtafute Mmarekani. Kwa nini kazi nifanye mimi, sifa apewe yeye?"

"Toka hapo mbele. Eugene, ingia. Na nyinyi kaeni kama watoto."

Eugene akasimama mbele, shati limechomekwa vizuri. Kiganja kikaondoka kwenye kamera, sauti ikawashwa, Irungu akarudi kwenye kiti chake. Eugene akalisalimia darasa kwa sauti ya London.

Sasa, kila aliyesoma Kenya anajua mwalimu akisalimu kinachofuata ni nini. Darasa lote linasimama, linaitikia kwa wimbo mmoja. Sisi tukakaa. Sitasema nani alianza. Eugene akasalimu tena. Nyuma ya meza Irungu alikuwa akitupungia mikono juu kama mwalimu wa kwaya, na kwaya imefunga midomo.

"Wasee," Eugene akasema chinichini, "msiniangushe."

"Hatukuangushi wewe, buda," Dalmas akamjibu, mikono kifuani. "Tunangoja mwalimu wetu."

Mkurugenzi akauliza kama darasa lina shida. Jasho likamtoka Irungu. Eugene akaangalia viatu vyake, akaangalia kamera, kisha akatembea polepole akaja akaketi kando yangu.

"Madam Emi," Irungu akasema.

"Nani?"

"Afrah. Tafadhali. Rudi umalizie."

"Nirudi kama nani?"

"Kama Afrah!"

"Mimi najijua. Mwambie yeye."

Nimewaona mawakala wengi katika maisha yangu, waliopeleka vijana wetu ng'ambo kwa ulinzi na wasichana wetu kufua, na sijawahi kumwona mmoja akilazimika kusema ukweli kwa mdomo wake. Irungu akaingiza kichwa mbele ya kamera, akakohoa, akasema: huyu ni mwalimu Afrah, ni wa Kenya, wa Kibera.

Mkurugenzi akavua miwani. Akasema wazazi watauliza maswali.

"Wakiuliza uniite," Afrah akasema. "Nitawajibu mwenyewe. Sitajificha stoo wakija."

Mkurugenzi hakusema ndiyo, hakusema la. Alisema tu aendelee na somo.

Afrah akachukua picha zake, akatusalimu. Tukasimama kwa kishindo, Eugene akiwemo, tukamwitikia mpaka madirisha yakatetemeka. Hakuturuhusu kuketi. Alikuwa anaangalia nyuma ya meza, Irungu alikorudi kuketi.

"Na wewe hapo nyuma," akasema. "Simama na wenzako."