Ukoko wa Mashine

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, Mwalimu Zefania aliazima mashine ya kujumlishia kutoka ofisi ya ushirika. Alipoiweka mezani, darasa la saba pale Gungu lilijigawa lenyewe. Wavulana waliizingira meza. Wasichana walibaki kwenye madawati, kama walivyozoea nyumbani kungoja kaka zao wale, washibe, ndipo wao wapewe chungu na ukoko wake.

Mapendo naye alingoja, ila shingo ilimrefuka. Tisa ukiiongezea moja, kuna moja unaiweka kichwani. Chuma kisicho na kichwa kinaiweka wapi?

Wavulana hawakuwa na swali hilo. Walishindana kuuvuta mpini kwa nguvu, kama wanaowasha injini ya mtumbwi, mpaka ukagoma.

"Imekufa," alisema Amuri, akaisukumia kwa wasichana.

Mwalimu aliwapa bisibisi wafungue mfuniko. Ndani kulikuwa na magurudumu yenye meno, kila moja na tarakimu sifuri hadi tisa. Mapendo alizungusha moja kwa kidole. Lilipopita tisa, jino lake refu lilisogeza gurudumu la jirani hatua moja. Akacheka peke yake, akarudia. Rozalia, aliyekaa naye dawati moja, alichomoa kipande cha karatasi kilichokwama, na mpini ukalegea.

Amuri akaja mbio. "Imepona? Leteni basi."

Mapendo hakuinua macho. "Ngojeni huko," alisema. "Ndiyo kwanza tunakula."