Ukanda wa Nyota Elfu Nne

Kazi yangu ni kuorodhesha nyota za galaksi jirani, na anayedhani ni kazi ya kuota ndoto aje akalie kiti changu wiki moja. Darubini hupiga picha kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho lakini hupenya vumbi la angani. Picha huja vipande vipande, kila kipande kimepandana kidogo na mwenzake. Mimi nazitafuta nyota kongwe nyekundu, kila moja naipa namba.

Mwezi uliopita niliona ukanda wa nyota elfu nne umekatiza galaksi, ambao hakuna aliyewahi kuuona. Profesa wangu alifurahi hadi akasahau kunigombeza. Tungeutangaza kwenye mkutano wa wataalamu wa nyota, Alhamisi saa nne, jina langu likiwa la kwanza. Mkataba wangu ulikuwa unaisha, na ugunduzi huo ungenipa miaka mitatu mingine.

Kosa langu ni kumwambia mama. Mama ni fundi cherehani, na siri ukimpa yeye ni sawa na kuianika kwenye kamba ya nguo. Alhamisi saa tatu akatokea ofisini na gauni jipya, eti auone ukanda kabla ya wakubwa.

Nikamfungulia picha. Akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Mwanangu, umenyooka huu! Hata mimi na rula sipati mshono kama huu. Na hapa ni pazito, kama kitambaa kimepandana."

Moyo ukanipiga pa! Nikaikuza nyota moja ya ukanda. Kando yake kulikuwa na pacha, mwangaza uleule, rangi ileile. Ya pili, pacha. Ya kumi, pacha. Picha za upande mmoja zilikuwa zimesogea, nami nilisahau kuzirekebisha. Pale picha zinapopandana, nilikuwa nimehesabu nyota zilezile mara mbili.

"Mama, hakuna ukanda."

"Umekwenda wapi?"

"Haukuwepo. Nimekosea."

Akatazama gauni lake, akatazama saa ya ukutani. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

Tukatazamana kama wezi wawili. Sitadanganya, nilitamani kunyamaza, na yeye pia alitamani. Kisha akavua miwani.

"Mimi nilishafumua gauni la bibi harusi asubuhi ya harusi, na bibi harusi mwenyewe yumo ndani. Hadi leo hatusalimiani. Futa."

Nikaufuta ukanda wote. Profesa nilipomweleza, alikaa chini polepole.

"Nyota zilizobaki unaziamini?"

"Zote."

"Basi nenda ukawaambie mwenyewe. Mimi sina uso wa kusimama pale."

Nikasimama mbele ya ukumbi uliojaa, nikasema ukanda tuliowaitia ni kosa langu. Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza, kwa dharau, nani aliyeligundua kosa lenyewe.

"Mama yangu," nikasema. "Ni fundi cherehani. Yule pale nyuma."

Watu wakacheka. Mama akadhani ameitwa aseme neno, akasimama, akalinyoosha gauni.

"Haya wakubwa," akasema, "ambaye hajawahi kufumua anyooshe mkono."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyenyoosha, hata yule mzee. Mkataba niliongezewa mwaka mmoja tu, na nilifurahi hadi nikalia.