Feni Iliyotulia

"Sasa sikiliza," fundi alisema, akabonyeza swichi.

Kasha la kompyuta lilikuwa wazi mezani, matumbo yote nje. Mapanga ya feni yalianza kuzunguka, kwanza kwa uvivu, kisha yakawa duara moja la ukungu. Fundi aligusisha ncha ya bisibisi kwenye fremu ya feni, mpini wake wa mti akaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake kusikiliza injini. Akafumba macho.

"Imetulia. Kama mtoto aliyeshiba," alisema, akifumbua macho.

Mwalimu, mwenye kompyuta, alimkodolea macho. Hii ilikuwa mara ya tatu kuirudisha. "Fundi, unanitania? Mbona inakwaruza hivi?"

"Basi ni masikio yako, Mwalimu. Makelele ya wanafunzi yamekuharibu."

Pembeni, mke wa fundi aliondoa mguu kwenye cherehani. Alikuwa akiisikia. Krr, krr, krr, kama mtu anayetafuna changarawe. Miezi yote hii amekuwa akimsema mumewe: mkaidi, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Akiitwa kula, haji. Akiulizwa jambo, anajibu jingine. Juzi tu alimnunia mpaka wakalala mzungu wa nne, kichwa huku, miguu kule. Sasa aliutazama ule mkono, jinsi ulivyozidi kuusukuma mpini mfupani, ukitafuta sauti. Haukuwa ukaidi.

"Mama, na wewe husikii?" Mwalimu aliuliza.

"Naisikia," alijibu taratibu. Kisha akaharakisha: "Ni beringi, Mwalimu. Imekwisha. Atakuwekea feni nyingine."

Fundi alikuwa akiifuata midomo yao. Akacheka, kicheko cha mtu aliyechelewa kwenye mzaha. "Umeona? Hata mama watoto anasema imetulia."

Hakuna aliyecheka naye. Mwalimu alimtazama mke, mke akatazama kitambaa chake. Kisha Mwalimu akachomoa waya, akarudisha kifuniko, akalikumbatia kasha lake kifuani.

"Asante, fundi. Umehangaika sana," alisema, kwa upole wa mtu anayeaga mgonjwa.

Alipokwisha kutoka, fundi aliinama kufagia vumbi la mezani kwa brashi ndogo.

"Baba watoto," mkewe aliita nyuma yake, bila kupaza sauti.

Brashi iliendelea.

Hakuita tena. Aliizunguka meza, akasimama mbele yake, penye mwanga wa dirisha, akasubiri ainue macho.