Uchungu Kinywani mwa Seline

Uchungu ulimwingia Seline kinywani mvua za masika zilipoanza. Kila alichoonja kilikuwa na ladha ya sarafu: chai, ugali, hata maji. Ulimi ulimwaka kama aliyetafuna pilipili, mate yakamkauka, na pale soko la Kibuye alipouza mapazia ya mitumba akawa anasukutua kinywa kila mteja akigeuka.

Mtu mwingine angeenda hospitali. Seline alienda kwa majirani zake wa sokoni, na hao hawajawahi kukosa jibu.

"Kwani ni nani anakupikia?" mmoja aliuliza, kisha akawakonyeza wenzake.

Aliyempikia ni Debra, mke wa mwanawe Oduor, msichana wa Port Victoria. Debra alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika. Seline alimpenda, hilo lisemwe wazi. Alimkataza kubeba maji, usiku alikesha akimsikiliza akienda msalani, na kila Debra aliposhika kiuno, mama mkwe alihisi tumbo lake mwenyewe likikaza. Lakini maneno ya sokoni yalikuwa yamemganda kichwani. Jioni moja, mbele ya Oduor na wageni wa kanisa, aliisukuma sahani.

"Debra, unaniwekea nini kwa chakula?"

Debra alifuta mikono, akaingia chumbani kufunga nguo zake. Kulipopambazuka alienda kwa dada yake Port Victoria, Oduor akamfuata, na simu za mama yake akawa hashiki.

Seline akaanza kujipikia. Uchungu haukuondoka, ulizidi. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kuna zahanati.

Daktari alimmulika kinywani, akampima damu, asione kitu.

"Mama, kuna kitu inakusumbua kwa roho?"

"Hakuna," alisema Seline. Halafu akaanza kusimulia habari za mimba ya Debra, na akashindwa kunyamaza.

"Basi ni hiyo," daktari alimwambia. "Woga ikikaa sana inakausha mate. Mdomo inakuwa chungu, ulimi inachoma. Hakuna mtu amekuwekea kitu."

Seline alikaa muda mrefu kwenye benchi la nje. Alikuwa ameihofia mimba ya Debra mpaka akaugua, kisha akamfukuza kwa ugonjwa huohuo. Lau angerudishiwa jioni ile, angekula chakula chote hata kama kingekuwa nyongo tupu.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Seline alifunga safari hadi Port Victoria, akaomba msamaha mlangoni kabla hajakaribishwa kiti. Debra alimsikiliza mpaka mwisho, akampa mtoto ampakate, akaingia jikoni. Alirudi na ugali na mchuzi wa ngege, samaki wa ziwani. Kabla ya kumwekea mezani, alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalitafuna na kulimeza mbele yake.

"Sasa kula, Mama," alisema kwa upole.

Ule uchungu ulikuwa umemtoka tangu alipopata habari kwamba mtoto amezaliwa. Seline alionja chumvi, nyanya, na samaki mwenyewe, kila kimoja kilivyo. Alikula huku machozi yakimtiririka, na hakuthubutu kusaza hata tonge moja.