Mstari wa Rangi ya Kucha

Lori langu lilianza kula mafuta kupita kipimo, na kwa sababu hiyo sikumwona mke wangu.

Kazi yangu ni kubeba saruji kutoka kiwandani hadi ghala lililo ng'ambo ya milima. Tajiri mwenye lori hutoa mafuta kwa kipimo. Yakiisha njiani, shauri yako. Yakibaki, ni yako, na hakuna wa kukuuliza. Wenzangu huuza kilichobaki. Mimi sikuuza hata tone. Katikati ya safari kuna njia panda. Ukikata kushoto ukapanda mlima, juu kabisa unakuta shule ya bweni, na mpishi wa shule hiyo alikuwa mke wangu. Mafuta niliyobakiza ndiyo yaliyokuwa nauli yangu ya kwenda kwake.

Geji ya lori ilikufa zamani. Tunapima kwa kijiti: unakichovya kwenye tangi, unakitoa, unaangalia palipolowa. Alama aliweka mke wangu. Siku moja alichukua kichupa chake cha rangi ya kucha, akachora mstari mwekundu, akapuliza ukakauka.

"Ukifika njia panda, chovya," akasema. "Mafuta yakigusa hapa, njoo. Yasipogusa, nenda zako. Sitaki mume wa kusukumwa mlimani watoto wa shule wakicheka."

Mstari ule haukuwahi kunidanganya. Kila Jumamosi nilipanda. Yeye alikuwa anaijua injini yangu tangu kona ya tatu. Ikikohoa huko chini, anainjika birika. Nikizima lori, chai iko mezani inafuka, naye amekaa mkabala na kiti changu, mikono inanukia vitunguu. Tulikaa saa moja, pengine na nusu. Mtu mwingine angesema ni kidogo. Mimi wiki nzima niliendesha nikiisubiri hiyo saa moja.

Sasa pale shuleni palikuwa na dereva mwingine, wa lori la kuni. Lori lake linang'aa kama limepakwa mafuta ya nazi, tairi pana, taa juu ya paa. Siku moja nafika, mpishi mwenzake akapiga kelele dirishani, "Shoga, mumeo kaja na kiberiti chake!" Jiko zima likacheka. Mke wangu naye akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini kicheko kile kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tajiri hajali lori limevaa nini, mradi saruji ifike, basi nilichukua akiba yangu yote nikaenda kwa fundi. Nikamwambia nataka tairi pana, zote sita. Nataka ngao ya chuma mbele, keria juu ya paa, na taa sita juu ya keria.

"Unataka lori au bibi harusi?" akauliza.

"Funga."

"Tairi hizi zitakula mafuta, kaka. Na hiyo keria ni sawa na kukimbia na mwavuli umeufungua mbele."

"Fundi, maneno hayakazi nati. Funga."

Akafunga. Tairi za zamani nikamuuzia mwenye mkokoteni palepale, nisije nikajuta.

Jumamosi iliyofuata nilipanda mlima kifua mbele. Nikazima lori. Hakuna aliyetoka. Nikapiga honi, ndipo akaja akijifuta mikono kwenye aproni.

"Kumbe wewe? Nimesikia mngurumo nikadhani ni lori la kuni." Akalizunguka lori, akaigusa ile ngao kwa kidole. "Limependeza. Ila lile lingine nilikuwa nalijua."

Chai siku hiyo ilichelewa.

Nilipochovya kijiti wakati wa kuondoka, mafuta yalikuwa yamekwenda sana. Nikasema ni mlima. Kisha msimu wa baridi ukaingia, nikapata wa kumsingizia. Jumamosi ya kwanza ya baridi kijiti hakikufika mstarini. Nikampigia simu nikamwambia ni baridi. Ya pili, baridi. Ya tatu, baridi.

Ya nne akanijibu, "Bwana wee, huku juu ndiko kwenye baridi yenyewe. Mbona lori la kuni linafika?"

Mwenye kuni anajinunulia mafuta, hapimiwi na mtu, lakini hilo si jambo la kumwambia mke kwenye simu.

Wiki hiyohiyo akapiga yeye. Shule imefungua tawi jipya mbali, upande ambao saruji yangu haiendi, na yeye amehamishiwa huko. Gari la shule linawachukua yeye na wenzake Jumapili alfajiri. Likizo ni mwisho wa mwaka.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Nikuone tu."

Kwa miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniambia hivyo. Nilienda kwa fundi mbiombio.

"Ni baridi, eti?" nikamuuliza.

"Baridi inakula, sikatai. Injini inachelewa kupata moto, oili inakuwa nzito kama uji, upepo wa tairi unanywea. Na wewe asubuhi unaliacha linaunguruma nusu saa, unaota moto kama kuku. Lakini baridi imekula kijiko. Sufuria nzima umekula wewe na mapambo yako."

"Vua yote."

"Tairi za zamani ziko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole njia aliyoondokea mwenye mkokoteni.

"Basi kofia na mkufu nitamvua bibi harusi," akasema. "Viatu atabaki navyo."

Akatoa taa, keria na ngao, akajaza tairi upepo. Jumamosi niliendesha kama nimebeba mayai. Nikisimama, nazima. Kwenye mteremko sikukanyaga mafuta. Nilifika njia panda jioni, ukungu umeanza kushuka. Nikachovya kijiti, nikakifuta kwa sweta, nikachovya tena. Nikadhani lori limelala upande, nikalisogeza penye tambarare, nikachovya mara ya tatu. Nikapiga simu.

"Kijiti kinasemaje?" akauliza kabla ya salamu.

"Kimekaribia."

"Sikuuliza kama kimekaribia. Vidole vingapi?"

"Viwili."

Nilisikia sufuria zikigongana nyuma yake.

"Nikipanda nitafika," nikasema.

"Utafika. Halafu saruji ya watu utaifikishaje? Kwa mgongo? Tajiri atakufukuza kesho yake."

"Nitanunua mafuta."

"Wapi?"

Kituo cha mafuta kiko ng'ambo ya milima. Alilijua hilo kama mimi.

"Shuka wewe basi."

"Gari la mwisho limeshashuka." Akavuta pumzi. "Birika nimeshainjika, mjinga mimi. Nilisema labda leo."

"Mke wangu."

"Nenda, bwana. Polepole kwenye kona."

Ukungu ulipofunguka kidogo niliziona taa za shule kule juu, chache, za manjano. Moja ni ya jikoni. Nilitaka kumwashia zangu, ajue nimesimama pale chini namtazama. Lakini zile sita zilikuwa kwa fundi, na zile za kawaida hazifiki mbali hivyo. Nilisimama mpaka ukungu ukafunga. Kisha nikawasha lori nikashika njia ya ghalani.

Hesabu yake ni hii. Tairi sita pana. Ngao moja. Keria moja. Taa sita. Akiba yote. Baridi, kijiko kimoja. Jumamosi tano. Dizeli, vidole viwili. Na birika moja la chai, alilolinywa peke yake.